Umefika Uhuru, sawa, lakini Sarchu usilale: jibu kwa anayetaka kwenda Ladakh kwa gari

Swali:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi hapa Jalandhar, Punjab, mwaka wa tatu. Mwisho wa mwezi wa sita tukimaliza mitihani tunataka kwenda Ladakh, kule kwenye milima mirefu ya kaskazini mwa India, kwa gari. Tuko wanne, Watanzania wawili, Mkenya mmoja na jamaa wa Lubumbashi. Tuna siku 7. Tumepanga tukodi gari Chandigarh tuendeshe wenyewe, siku ya 1 tunalala Manali, ya 2 Sarchu, ya 3 Leh, ya 4 ziwa la Pangong, ya 5 bonde la Nubra, ya 6 na ya 7 kurudi. Mimi nilipanda Kilimanjaro mwaka juzi nikafika Uhuru bila hata kuumwa kichwa, na hawa wengine ni watu wa jimu. Mmoja wetu anasema aliwahi kupimwa akaambiwa ana AS ya sikoseli ila haumwi kitu. Je tunahitaji dawa, au mwili utazoea wenyewe maana muda wote tutakuwa tumekaa ndani ya gari? Na tunataka kubeba unga na maharage tupike njiani kupunguza gharama, inawezekana?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na poleni na mitihani. Umeweka kila kitu mezani mpaka unga, na mimi napenda mgonjwa wa hivyo, ingawa nyie bado hamjaumwa na nia yangu ni mbaki hivyohivyo. Nijitambulishe kidogo tu: nimekaa miaka mingi Moshi nikihudumia watu wanaoshushwa kutoka mlimani, na hapo katikati nilisoma Chandigarh, kwahiyo hizo barabara unazozitaja nazijua kwa kuzipita, moja nusura imtoe roho mtu niliyekuwa naye, nitakusimulia.

Ratiba yako niliichukua nikaandika pembeni ya kila siku namba moja, mita mtakazolala. Kilomita sikuzihesabu. Manali 2,050. Sarchu 4,300. Leh 3,500. Pangong 4,250. Sasa itazame hiyo ya pili. Mnatoka tambarare ya Punjab ambako mwezi wa sita ni kama kukaa ndani ya tanuri la mkate, na usiku wa pili mnalala juu kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro kwa karibu mita 600. Wewe njia ya Marangu unaijua, watu wanalala Mandara 2,720, kesho yake Horombo 3,720, ndipo waguse Kibo 4,720, tena kwa miguu, pole pole mpaka unamchukia mwongozaji wako. Na hata mwendo huo sisi wa hospitali tunauona wa haraka, ndio maana wengi wanashauriwa waongeze siku pale Horombo. Nyie mnataka kuupita kwa gari.

Halafu hili la "tutakuwa tumekaa ndani ya gari". Asee hili nalisikia kila mwaka. Watu wanadhani ugonjwa wa mwinuko unatokana na kuchoka, kwahiyo asiyetembea haumwi. Ni kweli kujichosha kunaongeza shida, lakini chanzo chenyewe ni kwamba umepanda haraka kuliko damu yako ilivyoweza kujipanga, na hakuna kitu kinachompandisha binadamu haraka kama gari (ukiacha ndege, maana wanaoruka Delhi kwenda Leh wanatoka mita 200 na kitu mpaka 3,500 kwa saa moja na nusu hivi, na wengi wao kesho yake wako kitandani na kichwa). Anayetembea angalau miguu inamzuia. Dereva hana breki hiyo.

Ngoja nieleze kinachotokea manake ukikielewa hiki mengine yote utayapanga mwenyewe. Hewa ya Sarchu ina oksijeni asilimia 21, ileile ya Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa iliyoko juu yako. Leh mgandamizo huo ni kama theluthi mbili ya ule wa Dar, na juu ya Tanglang La (La ni mahali barabara inapovukia mlima), mita 5,300 na kitu, unakaribia nusu. Kwahiyo kila pumzi unayovuta inaingiza chembe chache za oksijeni kifuani hata ukivuta kwa nguvu zako zote. Mkitaka kuliona kwa macho nunueni pakiti ya krispi Manali muiweke mbele juu ya dashibodi, msiifungue. Inaanza kutuna mkitoka kwenye handaki la barabara baada ya Manali, mkifika Baralacha La imevimba imekuwa kama mto wa mtoto mchanga, ukiigusa inalia, na kama mna kalamu ya wino mfukoni shati limeshaharibika. Hewa iliyofungiwa chini ndiyo inasukuma, ya nje haina nguvu ya kuizuia.

Mwili unajibu kwa kupumua haraka. Vizuri, ila ukipumua haraka unatoa pia kaboni dayoksaidi nyingi, damu inapoteza asidi yake, na ubongo ukiona hivyo unakanyaga breki: usipumue sana. Ndio maana usiku wa kwanza kule juu mtu akilala anapumua, anapumua, anakata kabisa kwa sekunde kadhaa, halafu anashtuka anahema kama aliyetolewa majini. Ukimsikia mwenzako anafanya hivyo usipige kelele, ni kawaida. Anayekuja kuitoa hiyo breki ni figo, kwa kumwaga bikaboneti kwenye mkojo, na figo zina mwendo wake, ni kazi ya siku kadhaa. Hapo ndipo jimu inapoishiwa maneno. Kifua kipana na mapaja ya kunyanyua chuma hayaharakishi figo. Tena niseme ukweli, vijana wenye mazoezi ndio wanaonipa kazi zaidi, kwa sababu wakifika wanataka kukimbia kimbia kupiga picha, na kichwa kikianza kuuma wanaona aibu kusema.

Na Uhuru yako ya mwaka juzi? Kuzoea mwinuko hakuwekwi benki. Ukishuka, ndani ya wiki chache mwili umeshasahau. Kilichobaki ni taarifa kwamba kwa mwendo ule wa siku ile ulikuwa sawa, ambayo ni taarifa nzuri, siidharau, ila ni ya mwendo ule. Huu mwendo mwingine.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hamjakiuliza na ndicho kilichonifanya nikae chini niandike mrefu hivi. Tiba ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ukishakuwa mkali ni kushuka. Dawa, oksijeni, vyote ni vya kununua muda wakati unashuka. Kilimanjaro hilo ni jepesi, popote ulipo chini iko miguuni kwako, unageuka tu, wapagazi wanakubeba kwenye kitanda cha gurudumu na saa chache baadaye uko Mandara umeshaanza kuomba supu. Barabara ya Manali kwenda Leh haiko hivyo. Sarchu iko kwenye bakuli. Ukitaka kurudi Manali lazima kwanza upande Baralacha La, mita kama 4,890. Ukitaka kwenda Leh unapanda Lachung La, mita 5,000 na kitu, unashuka kidogo Pang ambayo nayo ni kama 4,600, halafu unapanda tena Tanglang La. Yaani mgonjwa wenu akizidiwa saa nane usiku, kumshusha kunaanza na kumpandisha. Pande zote mbili.

Mimi hilo nililijua kwa kuliona. Tulikuwa watano, wanafunzi wa udaktari wa uzamili, wajuaji kwelikweli, tukalala kwenye mahema pale Sarchu usiku wa pili kama mlivyopanga nyie. Mwenzetu mmoja Mpunjabi, jitu la kucheza kabadi (mchezo wa nguvu wa kukamatana), jioni alisema kichwa kinauma, tukampa panado, tukamtania. Usiku nikatoka kukojoa nikamkuta amekaa nje ya hema lake kwenye baridi anafunga zipu ya jaketi. Nikaenda nikarudi, bado anafunga. Nikasimama nikamwangalia na tochi, ile ncha ya zipu anaipeleka pembeni ya tundu, anakosa, anaanza upya, wala hakasiriki, ametulia tu kama mtu anayecheza. Nikamwambia simama utembee kwenye mstari, kisigino kiguse kidole. Hatua ya pili akaenda upande kama mlevi. Pale nikajua ubongo umeanza kuvimba. Kambi ya jeshi iliyokuwa karibu walitupa mtungi wa oksijeni, Mungu awabariki, tukamchoma deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, tuliyokuwa nayo, tukampandisha Baralacha usiku ule huku mmoja wetu amemshika kichwa, na saa zile za kupanda ndizo ndefu kuliko zote maishani mwangu maana tulikuwa tunamwongezea ugonjwa ili tumtoe kwenye ugonjwa. Tulipofika Keylong, mita 3,100 hivi, alianza kuuliza tuko wapi. Alipona. Mpaka leo hakumbuki zipu.

Kwahiyo kipimo cha mstari kijueni nyote wanne kabla hamjaondoka. Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, kizunguzungu, hiyo ni hatua ya kwanza na ni ya kawaida: hapo mnabaki mlipo, hampandi hata mita moja kwenda kulala juu zaidi mpaka kiishe, na kisipoisha au kikizidi mnashuka. Mtu akianza kuyumba, akaongea vitu visivyoeleweka, au akawa mzito kuamka, hiyo ni dharura. Na kuna ya tatu inayoua zaidi, mapafu kujaa maji. Hii mara nyingi inakuja usiku wa pili mpaka wa nne kule juu, inaanza kama kikohozi kikavu na kuchoka kusiko kwa kawaida, halafu mtu anakosa pumzi hata akiwa amekaa, midomo inabadilika rangi, kikohozi kinakuwa na povu la pinki. Kwa watu weusi angalieni fizi na chini ya kucha, usitegemee uso. Huyo hasubiri asubuhi. Kama ni Leh mpelekeni hospitali ya SNM, wanaona wagonjwa wa mwinuko kila siku msimu mzima, hamtakuwa mnawasumbua.

Sasa mfanyeje. Nina njia mbili, na zote zinaanza na kuifuta Sarchu kama mahali pa kulala wakati wa kupanda.

Kama ni lazima Ladakh, siku 7 hazitoshi kwa gari, tafuteni 11 au 12, na muingie kupitia Srinagar. Srinagar iko kama mita 1,600. Mnavuka Zoji La, 3,500 hivi, mnateremka mnalala Kargil 2,700, kesho yake mnavuka Fotu La 4,108 lakini mnashuka tena kulala Alchi, karibu 3,100, halafu Leh 3,500. Unaona inavyopanda kama ngazi, juu mnapita tu, usiku mnalala chini. Leh mnakaa usiku tatu, wa kwanza hamfanyi chochote, narudia chochote, hata zile ngazi za Shanti Stupa, mnara wa Wabudha juu ya mji, ziacheni, zitakuwepo keshokutwa. Baada ya hapo Nubra, ambayo ni nzuri kwa sababu Khardung La mita 5,359 mnaivuka mchana na kulala 3,100. Pangong iwe ya mwisho. Watu wanaiweka mwanzo kwa ajili ya picha halafu wanalala pale 4,250 siku ya pili ya kufika, usiku wote wanatapika mbele ya ziwa zuri. Mkishamaliza yote hayo ndipo mtoke kwa njia ya Manali, mnaondoka Leh saa kumi na moja alfajiri mnakwenda kulala Jispa au Keylong siku hiyohiyo, Sarchu mnaipita mnakunywa chai tu, na miili yenu itakuwa imeshazoea.

Ubaya wa njia ya Srinagar nao niuseme. Kashmir mnajua, Aprili 2025 watu 26, karibu wote watalii, waliuawa Pahalgam, na hali inaweza kubadilika ndani ya siku moja. Angalieni ushauri wa balozi zenu wiki ile ya safari, sio leo. Kama mnaona hamna moyo wa kupita huko sitawashawishi, basi ingieni kwa Manali lakini mlale Manali usiku mbili, Jispa (3,200) usiku mbili, halafu siku moja ndefu Jispa mpaka Leh bila kulala katikati. Ni siku ya kuchosha vibaya, saa 10 mpaka 12 na zaidi, mnavuka mita 5,000 mara mbili, na ni chaguo la pili kwa mbali.

Kama siku ni 7 na haziongezeki, mimi ningewapeleka bonde la Spiti kupitia wilaya ya Kinnaur, jimbo la Himachal. Ni jangwa lilelile la baridi, milima ya rangi ya vumbi isiyo na mti, vijiji vyeupe, na Tabo kuna hekalu la Wabudha la mwaka 996, kuta zake za udongo, ukiingia ndani ni giza na michoro imejaa mpaka juu. Mnalala Narkanda 2,700, Kalpa kama 2,960 usiku mbili, Tabo 3,280 usiku mbili, katikati mnapanda Dhankar mchana mnarudi kulala Tabo, halafu mnageuza. Mkipata siku 9 ongezeni mji wa Kaza. Ninachoipendea njia hiyo ni mto. Mnafuata Sutlej halafu mto Spiti sehemu kubwa ya njia, na mto unashuka kila saa, kwahiyo mkiumwa mnaufuata mnashuka nao, ukiacha kipande kimoja cha Nako ambako barabara inauacha mto na kupanda kidogo kabla ya kushuka tena. Tatizo la Kinnaur ni mawe. Mlima unaachia, na mvua zikianza inaachia zaidi, Agosti 2021 maporomoko ya Nigulsari yalifunika basi na magari na watu wengi wakafa. Mwisho wa Juni mna nafuu ila sio kinga, mkikuta mvua imenyesha usiku kucha kaeni hotelini mcheze karata. Upande wa Manali nako ni vivyo hivyo, Julai 2023 mto Beas ulikula vipande vizima vya barabara.

Sasa jamaa wa AS, hapa nakuomba umsomee mwenyewe. Kwanza tujue ni AS kweli, yaani amerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Kuna kipimo cha haraka kinachosema tu "selimundu ipo", hakitofautishi mwenye nusu (AS), mwenye ugonjwa kamili (SS) na mwenye SC (selimundu kwa mzazi mmoja, himoglobini C kwa mwingine), na watu wengi wanabeba jibu hilo tangu utotoni wakiliita AS. Aende hospitali yoyote kubwa hapo Punjab aombe elektroforesisi ya himoglobini, majibu yanatoka ndani ya siku chache. Ikiwa ni SS au SC, haendi, sina mjadala hapo, oksijeni ikipungua chembe zake zinajikunja na zinaziba mishipa, anaweza kupata maumivu makali au kubanwa kifua mahali ambapo hospitali iko mwendo wa saa nane mbele. Ikiwa ni AS kweli, wengi wenye AS wanakwenda milimani na kurudi salama, lakini kuna hatari ndogo ya kweli ambayo wenzake hawana: bandama kukosa damu na kufa sehemu. Inakuja kama maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, wakati mwingine yanapanda begani. Watu wanadhani ni gesi wanampa eno. Akiyapata kule juu anashushwa na anapelekwa hospitali, na anamwambia daktari yeyote atakayemwona neno la kwanza, "nina AS", kwa sababu madaktari wengi wa milimani kule hawakutani nayo kila siku. Aongee na daktari wa damu kabla, anywe maji vizuri, na kwa maoni yangu yeye Spiti mpaka Tabo inamtosha, Khardung La aiache.

Dawa. Diamox, yaani asetazolamidi, inafanya kazi kwenye zilezile figo nilizokwambia, inazilazimisha zimwage bikaboneti mapema, kwahiyo inaharakisha kuzoea na wala haifichi ugonjwa kama watu wanavyosema. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, unaanza siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana, vidole vitafanya kama sisimizi wanatembea, na soda itakuwa na ladha ya ajabu kama imelala wazi. Aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa za salfa, tuseme septrini ilimbabua, asiiguse mpaka aonane na daktari, na huyo wa AS naye aulize kwanza. Kwa ratiba ile ya Tabo wengi wenu hamtaihitaji, kwa Ladakh ningewapa. Deksamethasoni (ya ubongo) na nifedipini (ya mapafu) ni za dharura, mkiandikiwa na daktari muelezwe namna ya kuzitumia, msinunue tu kwa sababu duka la dawa India linauza kila kitu.

Zile kafuri za kunusa mtakazouziwa Manali zinanukia vizuri, basi. Vikopo vya oksijeni vya mkononi vinaisha ndani ya dakika chache, havimshushi mtu, ukitaka oksijeni ya maana ni mtungi wenye kipimo na maski na unakodiwa. Maji kunyweni kwa sababu hewa ni kavu mpaka pua inatoa damu, ila kujaza tumbo lita sita hakuzuii ugonjwa. Pombe na vidonge vya usingizi, siku za kwanza hapana. Na miwani ya jua mizuri, ngozi yetu ina kinga kidogo ila jicho halina.

Mambo ya karatasi na gari nipite haraka. Leh yenyewe haitaki kibali lakini kwenye vizuizi vya njiani mgeni anaandikishwa, bebeni pasi, visa na usajili wenu wa FRRO (ofisi ya kuandikisha wageni), zile halisi na kopi. Nubra na Pangong wageni wanahitaji kibali maalumu, kinapatikana Leh kupitia wakala aliyesajiliwa na muwe angalau wawili, na Kinnaur kuelekea Spiti nako kuna kipande kinachotaka kibali, mnakichukua Reckong Peo, ndio maana nimeweka usiku mbili Kalpa. Hanle na Umling La mlizoziona kwenye video za Wahindi msiziweke kwenye mpango. Gari la kukodi la kujiendesha lina kibao cheusi chenye maandishi ya njano, kila mtu analijua kwa mbali, na madereva wa teksi wa Ladakh hawaruhusu magari hayo yaliyotoka nje kuzungukia Nubra na Pangong, wanawarudisha njiani. Kwahiyo likifika Leh lipakini mkodi teksi ya pale, na kusema kweli mnapata dereva anayejua ni kijito gani kinavukika saa ngapi. Maji ya kuyeyuka kwa barafu asubuhi ni ya kifundoni, saa tisa mchana yanasukuma gari, njia ya Pangong kuna kimoja wanakiita Pagal Nala na pagal kwa Kihindi ni mwendawazimu. Mkipandia Manali, mafuta jazeni Tandi, pale pana bango linalosema pampu inayofuata ni kilomita 365, na bado bebeni akiba. Leseni ya nyumbani iwe na kibali cha kimataifa cha udereva. Laini za simu za kuweka salio mlizosajili Punjab hazishiki Ladakh, inashika ile ya kulipa bili mwisho wa mwezi, tafuteni hata moja kwa wote. Na bima yenu ya safari isomeni ina kikomo cha mita ngapi, nyingine zinaishia chini ya Leh.

Nimebakiza unga. Kule juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, Leh ni kama nyuzi 88, Sarchu 86. Ugali utasonga, utachelewa kuiva tu, upe muda na funika. Maharage bila sufuria ya presha mtakesha mkiyachochea na asubuhi yatakuwa bado yanagonga meno, yaacheni Jalandhar mle dali (mchuzi wa dengu) kwenye vibanda vya njiani, ni rahisi kuliko gesi mtakayoichoma. Na popote mtakapopika, pikeni nje. Baridi ikianza saa kumi na mbili jioni mtatamani kuingiza jiko ndani ya hema mfunge zipu mpate joto, na moshi ule usionuka (kaboni monoksaidi) unaua watu wakiwa wamelala, na dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma, ambacho nyie mtasema ni mwinuko.